Mkalimani wa Taarifa ya Habari

Saa mbili na dakika saba usiku Mkalimani alinyanyua fimbo yake, akagusa kioo cha televisheni, akasema kwa Kisukuma kwamba lori lile lilishakufa. Dakika ninaijua kwa sababu saa ya ukutani ilitundikwa juu ya televisheni, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiitazama, nikijiuliza kama niende Sapiwi usiku ule ule au nisubiri alfajiri.

Kioo kilionesha foleni ya malori mbele ya kiwanda cha kuchambua pamba, kisha mlima mweupe wa pamba uwanjani. Msomaji wa habari, binti mwenye sauti ya kutulia, alikuwa akieleza kwamba maghala ya Kanda ya Ziwa yamejaa na bei katika soko la dunia imeshuka. Ukumbini kulikuwa na watu wanaokaribia hamsini, na wengi wao walikuwa na pamba ndani ya nyumba, haijauzwa. Dada yangu, mjane anayeishi Sapiwi, alikuwa na kilo mia tisa sebuleni, mpaka watoto wakawa wanalala jikoni. Wakala wa kampuni alikuwa amemwahidi kupita asubuhi. Dada alitaka kununua maksai wawili badala ya wale waliouzwa wakati shemeji yangu anaumwa. Kwa bei ya wiki ile angewapata wote wawili. Bei ikishuka angepata mmoja, na plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Angelima kwa jembe la mkono msimu mwingine, yeye na watoto ambao mkubwa wao alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo alichokisema mzee yule usiku ule, na zaidi kile alichokiacha bila kukisema, hakikuwa jambo dogo kwangu. Nimekifikiria kwa miaka. Ninaandika hapa ninachokijua juu yake, na pale ninaposhuku tu nitasema kwamba ninashuku.

Jina alikuwa nalo, lakini Bariadi nzima tulimwita Mkalimani. Ulikuwa wakati ambao kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, kampuni binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta dishi, jenereta na televisheni, akazungushia turubai uwanja wa nyuma ya duka lake na kuuita ukumbi. Mchana alionesha filamu za ngumi. Saa mbili usiku alifungua taarifa ya habari, kisha mpira ukiwapo. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka hilo hilo, na turubai halizuii sauti.

Wateja wengi wa ukumbi walikuwa watu wa mnadani na sokoni. Kiswahili walikijua, cha kuuza na kununua. Kiswahili cha msomaji wa habari, kinachokwenda mbio na kujaa maneno kama utandawazi na ubinafsishaji, kiliwapita. Hapo ndipo mzee alipopata kazi. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, fimbo mkononi, na kila habari ilipokwisha aliisema kwa Kisukuma. Hakulipwa. Aliingia bure na kupewa chai ya maziwa na andazi moja, na siku andazi lilipokosekana tafsiri ilikuwa fupi.

Mwenye ukumbi alimtania mara kwa mara. Usiku mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mzee, huyo binti kasema dakika mbili nzima. Wewe umesema maneno manne. Mengine umeyameza?"

"Mengine hayakuwa na nyama," alijibu Mkalimani.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu habari ile niliisikia, na ilikuwa na nyama.

Kazi yenyewe hakuianzia pale. Enzi za serikali kuleta sinema vijijini kwa Landrova, yeye ndiye alikuwa anakaa na kipaza sauti. Filamu zilikuja kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na yeye aliziweka katika Kisukuma huku picha zinapita kwenye shuka jeupe. Alinisimulia juu ya filamu moja ya kuogesha ng'ombe kwenye josho. Mwanhuzi, kwa wafugaji, alisema filamu inahusu utajiri: tazameni ng'ombe hawa walivyonenepa, mwenye nao anaoa popote. Sapiwi, kwa wakulima wa pamba, alisema filamu inahusu kazi: ng'ombe asiye na kupe anavuta plau tangu alfajiri mpaka jua kali, na ekari zinaongezeka. Picha ilikuwa ile ile, haikukatwa hata kidogo. Watu wa Mwanhuzi walirudi nyumbani wakizungumza mahari, watu wa Sapiwi wakizungumza ekari.

"Bwana habari wa wilaya alijua?" nilimuuliza.

"Alijua. Ndiye aliyenifundisha. Alisema mtu hasikii habari, anasikia jambo lake."

Alinieleza hayo bila kuona aibu, kama fundi anayeeleza namna ya kukata suruali kwa mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Nadhani hapo ndipo shaka zake zote zilipotoka. Alijua jinsi kitu kinavyopikwa kwa kuwa alikuwa amepika.

Namna yake ya kutazama habari sijaiona kwa mtu mwingine. Kukiwa na habari nzito, ambayo ingerudiwa taarifa ya baadaye, mara ya kwanza aliinamisha kichwa na kusikiliza tu, asiangalie kioo. Mara ya pili alimwomba mwenye ukumbi apunguze sauti, akaangalia tu. Akimaliza aliuliza maswali yake, na hayakubadilika. Mwenye kamera alisimama upande wa nani? Kabla ya picha hii kulikuwa na nini? Nani alihojiwa akiwa amekaa kitini, na nani alihojiwa akiwa amesimama juani? Hili la mwisho lilimkera kuliko yote. Alikuwa na hakika kwamba mtu anayehojiwa ofisini, mezani, na bendera nyuma yake, ataaminiwa hata akisema mvua hunyesha kutoka ardhini kwenda juu, na mkulima anayehojiwa shambani huku amekunja uso kwa jua ataonekana mwongo au mlevi.

Ninakiri kwamba maswali hayo yalinipa kazi ya maisha. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi, na nilipoanza kukielewa nilibaki ukumbini kusikiliza taarifa ya Kiingereza, wateja wengine wakiwa wamekwenda. Ndipo nilipoona kwa macho yangu kile alichokuwa anakisema.

Tembo walikuwa wametoka kwenye pori la akiba na kuingia vijiji vya upande wa mashariki ya wilaya yetu, wakala mahindi na kukanyaga pamba. Kamera ilikuja. Kwenye taarifa ya Kiswahili tulioneshwa shamba lililolala chini, mama mmoja akiwa ameshika bua lililovunjika, na ofisa akiwataka wananchi wawe na subira. Taarifa ya Kiingereza ilikuwa na tembo wale wale, hata yule mmoja mwenye sikio lililochanika, lakini mama hakuwepo. Shamba halikuwepo. Walioneshwa tembo wakivuka mto jioni, na sauti ikisema kwamba idadi yao imeongezeka na hilo ni jambo la kujivunia. Nilimtafsiria Mkalimani, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye alikuwa msikilizaji wangu.

Akasema, "Kwa hiyo sisi tumepewa subira, wageni wamepewa tembo."

"Lakini yote mawili ni kweli," nikamwambia.

"Sikusema ni uongo, fundi. Nimesema tumegawiwa."

Mtu anayesikia hayo anaweza kudhani alikuwa mwenye msimamo. Hakuwa. Aliishuku taarifa ya habari, lakini matangazo ya vifo redioni aliyaamini yote, akisema mfu hana cha kuuza. Akaenda mpaka Maswa kwenye matanga ya mtu ambaye alimkuta anachunga mbuzi, kwa kuwa tangazo lilikuwa la mtu mwingine mwenye jina hilo. Alirudi amekasirika, si kwa kupoteza safari, bali kwa kuwa yule mwenye mbuzi alimcheka. Mpira hakuushangilia mpaka gazeti lifike kwa basi kutoka Mwanza siku ya pili. Watu wakiruka kwa goli, yeye alikaa tu na chai yake. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alimwambia, "Wewe ngosha, mwanamume mzima, hata mke wako akijifungua utasubiri gazeti." Mkalimani akajibu kwamba mke wake hajawahi kuhaririwa na mtu.

Na alikuwa anakata. Hilo ndilo nililolijua mimi na wengine wachache tunaosikia lugha zote mbili vizuri. Siku moja kiongozi mmoja alioneshwa akiwakemea wafugaji kwa maneno makali sana kuhusu kuingiza mifugo hifadhini. Ukumbi ulikuwa na wafugaji tele, kila mmoja na fimbo yake. Mkalimani aliwatazama wao kwanza, akakiacha kioo, kisha akatafsiri kwamba kiongozi amewasalimu na anawaomba wajitahidi. Siku nyingine habari ilikuwa juu ya mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa ulevi, na walimu wawili walikuwa wamekaa mbele. Mwalimu wa kwenye habari alifukuzwa kwa "matatizo ya afya."

Nilimwambia waziwazi kwamba naye anafanya yale yale. Hakukasirika. Alisema wale wa televisheni hawamwoni anayewasikiliza, ila yeye anamwona, na ndiyo tofauti. Kama ni tofauti ya kutosha, sikujua, wala leo sijui.

Sasa nirudi usiku wa pamba.

Lori alilolionesha kwa fimbo lilikuwa la tatu kwenye foleni. Mwili wake ulikuwa kijani na mlango wa dereva wa bluu, kwa sababu mlango wa kwanza uling'oka kwenye ajali na uliopatikana ulikuwa wa rangi nyingine. Kila mtu Bariadi alilijua. Lilikuwa lori la ushirika, na misimu miwili kabla ya usiku ule lilikuwa limekwisha kutolewa injini na kuwekwa juu ya mawe nyuma ya ghala, kuku wakitagia ndani. Lisingeweza kuwa limepanga foleni wiki ile kiwandani. Picha ilikuwa ya zamani. Waliitoa kabatini wakaiweka juu ya habari mpya.

Ukumbi uliwaka. Mzee mmoja alisema kama lori ni la uongo basi hata hayo maghala kujaa ni uongo. Wengine wakamuunga mkono, mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyelipa ili tuogopeshwe, na hapo hapo wengi wakaapa kwamba wakala akija asubuhi hatapewa hata kilo moja. Kosa hili ni letu hasa. Sisi tuliokulia kwenye sinema za Landrova tulizoea picha kuja kwanza na maneno kufuata. Picha ikishaanguka, hatukujua kwamba maneno yanaweza kubaki yamesimama.

Mimi niliyasikia maneno. Binti alisema, katikati ya maneno ya kiuchumi yaliyowapita wengi, kwamba bei katika soko la dunia imeshuka. Nilimsubiri Mkalimani aitafsiri sentensi ile, na hakuitafsiri. Alisema juu ya lori, akasema juu ya maghala kujaa, kisha akanywa chai. Macho yetu yalikutana juu ya vichwa vya watu. Nilidhani ataisema habari ikirudiwa, lakini jenereta lilizimwa mapema usiku ule kwa kukosa dizeli.

Nilisubiri alfajiri, nikaenda Sapiwi kwa baiskeli. Dada alikuwa anafagia nje. Baada ya salamu, "Mwangaluka, dada," "Mwangaluka, vipi saa hizi?", nilimweleza mambo mawili kwa kuyatenganisha, nilichokisikia na nilichokiona. Nikamwambia pia kwamba Mkalimani ameiruka sentensi ya bei na sijui kwa nini.

Dada yangu hajui kusoma, lakini huwezi kumharakisha. Aliegemea ufagio.

"Kwa hiyo picha ni ya zamani, bei ni mpya," alisema.

"Naona hivyo."

"Na huyu wakala atakuja na bei ya lini?"

"Mpya. Na atakwambia hata televisheni imesema."

"Ana mwenzake anayenunua?"

Nikamwambia nimesikia kuna mnunuzi mwingine anakuja, lakini kusikia tu.

"Basi akija mwambie nimekwenda msibani," akasema, akaendelea kufagia.

Wakala alifika kwa baiskeli jua likiwa limeanza kukaza. Wiki ile ile alikuwa ametaja shilingi mia moja na themanini kwa kilo. Sasa alisema mia na hamsini, na sababu aliyoitoa ilikuwa ile ile niliyoitabiri, kwamba hata televisheni imesema. Nilipomwambia mwenye pamba yuko msibani aliangalia dirisha la sebuleni, ambalo pamba ilikuwa imelibonyeza kwa ndani, akasema msiba ukichelewa kwisha bei itashuka tena. Kwa mia na hamsini dada angepata maksai mmoja na chenji. Nilikaa pale kibarazani nikihisi kwamba ng'ombe wa pili amepanda baiskeli ya wakala na kuondoka naye.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa juu ya televisheni. Kituo kile hakikuwa na gari mkoani kwetu, na wakati huo mkoa wetu ulikuwa bado Shinyanga. Mwandishi wao alisafiri kwa gari la yeyote mwenye mafuta. Kampuni ya wakala ilikuwa na magari na mafuta. Kama ndiyo iliyomsafirisha, na kama yeye au aliye juu yake aliambiwa aweke picha ya mlima wa pamba badala ya kijana mmoja ofisini akisoma bei, sijathibitisha. Habari ya mlima wa pamba inamfanya mkulima aone pamba yake haina thamani. Sikuona picha hata moja ya mkulima aliyeulizwa.

Shaka ya pili ilinijia siku chache baadaye, na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilimhusu mtu ninayemfahamu. Pikapu nyeupe iliingia Sapiwi na mizani nyuma. Alikuwa mnunuzi mpya, mtu wa mbali, mwenye malori ya kukodi ambayo yalitakiwa kujaa haraka. Pembeni ya dereva, fimbo ikiwa imetokeza dirishani, alikaa Mkalimani.

Alishuka, akasalimia wazee, akasema kwa Kisukuma bei ya mnunuzi: mia moja na tisini. Nilimwangalia. Hakunikwepa, lakini hakunisogelea pia. Kichwani mwangu mambo yalijipanga yenyewe. Aliiruka sentensi ya bei ili watu wasiuze. Watu hawakuuza. Sasa anakuja na yule anayefaidika kwa wao kutouza. Nilimvuta dada kando nikamwambia ninachokishuku.

"Amelipwa au hakulipwa, mia na tisini ni mia na tisini?" dada aliuliza.

"Ndiyo."

"Na fedha ipo kwenye gari?"

Nilikwenda kuangalia. Ilikuwepo. Dada aliita watoto, wakaanza kutoa magunia sebuleni, na kabla jua halijazama pamba yote ilikuwa imepimwa na kulipwa. Alibaki amesimama kwenye sebule tupu, nyuzi za pamba zikiwa zimemganda nywele, akiuliza mnada wa karibu wa ng'ombe ni lini.

Majirani zake wengi hawakuuza. Walisema kama mmoja ameleta mia na tisini, wa tatu ataleta mia mbili. Walikuwa bado wanalikumbuka lori. Malori ya kukodi yalipojaa, pikapu haikurudi. Wakala wa kwanza alirudi na mia na thelathini, kisha mia na kumi. Binti wa habari hakuwa amesema uongo. Soko la dunia lilikuwa limeshuka kweli, na ile ndiyo sentensi pekee ambayo watu wa ukumbi hawakuipata kwa lugha yao.

Baada ya msimu ule watu walipunguza kumsikiliza. Wengine walisema amekula fedha za pikapu. Mimi sikusema, lakini sikumtetea. Nilimshonea koti moja baada ya hapo, akalipa, hatukuzungumza zaidi ya vipimo. Muda si mrefu watu wakaanza kununua televisheni zao, vijana wakawatafsiria wazazi nyumbani, na ukumbi ukageuzwa ghala la saruji. Yeye akahama.

Nilimkuta tena nikiwa nimekwenda Maswa kununua vitambaa, na Simiyu imekuwa mkoa. Mtu aliniambia kwamba mzee wa sinema anaishi Binza kwa binti yake mwenye duka dogo. Nilikwenda jioni. Alikuwa amekaa dukani kwenye kiti cha plastiki, ameipa televisheni mgongo na uso kuelekea mlangoni. Macho yalikuwa yamefifia, akiona kivuli tu.

"Mwadeela, baba," nilisema.

"Mwadeela. Hiyo ni sauti ya cherehani," alijibu. "Kaa, fundi. Sogeza kreti hilo."

Binti yake aliniletea soda. Tulizungumza juu ya waliokufa, na juu ya Bariadi ilivyojaa majengo. Nyuma yake taarifa ya habari ilianza, na niliona kichwa chake kikiinama, namna ile ile. Nikaona nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Usiku wa lori," nilisema, "yule binti alisema bei ya dunia imeshuka. Hukuitafsiri."

"Nilisikia."

"Basi kwa nini?"

Alipapasa fimbo iliyokuwa imelala magotini. "Uliwaona wale watu? Ningesema imeshuka, wangeamka usiku kumfuata wakala, wangempa kwa bei yoyote. Nikaona niwape lori kwanza. La bei watalikuta wenyewe."

"Hivyo ndivyo wanavyofanya hao walio nyuma yako."

"Ndivyo. Mimi nilifundishwa na hao hao."

"Na yule wa pikapu?"

"Alinipa ugali na nyama, akaninunulia soda. Hakujua Kisukuma. Alitaja bei, nikaitafsiri."

"Bila kukata?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Bei utaikata wapi, fundi?"

Sikujua kama nimwamini. Alikuwa amenijibu vizuri mno, na mtu huyu alinifundisha kuogopa jibu lililonyooka. Binti yake, aliyekuwa akipanga sabuni kwenye rafu, aligeuka.

"Baba hajakwambia ya kwake," alisema.

"Acha, mayu," mzee alimwambia.

"Niache nini, na mtu amesafiri kuja kukuuliza?" Akanigeukia mimi. "Tulikuwa na shamba la marehemu mama, kule kule Bariadi. Pamba ilikuwa ndani. Tulimwambia, baba, umekuja na mwenye pikapu mwenyewe, mpe hii kwanza kabla hajaondoka. Akasema hapana, bei itapanda, wale wa televisheni wanaficha kitu. Ikakaa mpaka mvua za kwanza. Panya walizaa humo."

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameisikia sentensi ya bei kwa masikio yake, kama mimi na wale wachache, akawanyima watu wasije wakaogopa, kisha akakaa katikati ya watu wale na kuamini kile walichokiamini kwa sababu yake. Mtu aliyelipwa asingefanya hivyo. Mtu aliyelipwa angekuwa wa kwanza kupandisha pamba yake kwenye mizani. Miaka yote nilimshuku kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya sikuwahi kulifikiria.

"Zilikuwa kilo ngapi?" nilimuuliza.

"Mia saba."

"Na mwishowe uliuza kwa?"

"Mia na kumi. Mpe wakala haki yake, alipima sawasawa."

Dada yangu kwa kilo zake mia tisa, kwa kuikataa mia na hamsini, aliokoa elfu thelathini na sita, na siku ile ya mnada alirudi Sapiwi akiwaswaga maksai wawili. Hayo sikumwambia mzee. Nilikuwa nimeanza kupiga kichwani hesabu ya kwake, ya alichopoteza kutoka mia na tisini mpaka mia na kumi, na bado sijafika mwisho, yeye akiwa ameelekeza macho yake mlangoni akanitangulia:

"Elfu hamsini na sita."